Joto chini ya buibui: upime kwa kipi?

Simu inasema nyuzi 32, na chini yake kwa maandishi madogo: inahisi kama 41. Kwa nani? Namba hiyo ya pili ina mwenyewe. Mara nyingi hutokana na kazi ya mtafiti Robert Steadman ya mwaka 1979, na mtu aliyewekwa ndani ya hesabu ana urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 67, amevaa suruali na shati la mikono mifupi, anatembea kivulini na upepo mwepesi unampiga. Mama wa Jambiani anayetoka baharini na gunia la mwani, dera limelowa hadi kiunoni na mtandio umebana shingo, hayumo. Wala hayumo msimamizi wa ghala aliyevaa buibui la kitambaa cha nida juu ya nguo za nyumbani, na ushungi juu ya kofia ya ndani.

Na hao ndio wanaotaka kujua: leo tufanye kazi hadi saa ngapi, nani apumzike, nani arudi nyumbani. Naandika kwa ajili ya anayetakiwa kuamua, awe kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwalimu wa michezo, kiongozi wa msafara wa hija, au mwanafunzi wa afya anayetafuta kipimo cha utafiti wake. Vipimo ni vingi na kila muuzaji husifu chake. Mimi huanza na swali moja: hiki kinapima hewa, kinapima nguo, au kinapima mwili? Vingi hupima hewa tu, hayo mengine hukisia.

Namba ya joto kwenye simu

Uzuri wake ni kwamba ni ya bure na kila mtu anayo mkononi. Ukiiangalia alfajiri itakusaidia kupanga siku: nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 70, ambayo ni siku ya kawaida kabisa ya kaskazi Unguja au Mombasa, hutoa hiyo 41. Hapo unajua kazi nzito iishe mapema.

Baada ya hapo usiitegemee sana. Kwanza imehesabiwa kwa kivuli. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, iliyoieneza, yenyewe inaonya kwamba jua kali laweza kuongeza hadi nyuzi 8 hivi. Pili, kituo kinachopima hewa mara nyingi kiko uwanja wa ndege, wakati wewe uko chini ya bati lisilo na dari. Tatu ni nguo, na hapo imenyamaza kabisa.

Ipo namba nyingine inayopendwa na wachora ramani za hali ya hewa, UTCI. Ni ya kisasa zaidi na inahesabu jua na upepo. Lakini ndani yake kuna kanuni ya mavazi iliyotokana na mazoea ya Wazungu: joto likipanda, mtu wa kwenye hesabu anapunguza nguo mwenyewe. Mwanamke anayejisitiri hapunguzi. Kwa kulinganisha Tanga na Dubai inafaa. Kwa kumpima aliyevaa jilbabu, ina kasoro katika kitu kilekile unachotaka kukijua.

WBGT: vipimajoto vitatu

Hiki, ambacho kirefu chake ni Wet Bulb Globe Temperature (joto la utambi uliolowa na tufe), ndicho nitakachokaa nacho, kwa sababu ndicho kinachotumika kazini duniani na ndicho pekee kati ya hivi vya hewa nilivyotaja kinachokupa mahali pa kuingiza nguo. Kilizaliwa kwenye kambi za mafunzo za jeshi la majini la Marekani katika miaka ya 1950, vijana walipokuwa wakianguka kwa joto. Leo kimo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 7243. Qatar tangu 2021 inakataza kazi za nje pale WBGT inapopita 32.1, saa yoyote ile. Oman, kwa upande mwingine, hutumia saa: Juni hadi Agosti, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, watu wasifanye kazi juani. Sheria ya saa ni rahisi kuisimamia. Ya namba ni ya kweli zaidi, kwa sababu jua halisomi kalenda. Yote mawili, lakini, yanamlinda wa nje. Dada aliyekwenda Muscat au Doha kufanya kazi za ndani, anayepiga pasi jikoni amevaa juba na mtandio siku nzima, hayumo.

Vipimajoto vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni cha kawaida, kinapima hewa. Cha pili kimevishwa utambi wa pamba uliochovywa maji, kinaonyesha jasho lingeweza kupoza kiasi gani. Cha tatu kimo ndani ya tufe jeusi lisilong'aa, kinakusanya jua na joto la bati. Nje hesabu ni 0.7 ya utambi, 0.2 ya tufe na 0.1 ya hewa. Kivulini au ndani ni 0.7 ya utambi na 0.3 ya tufe. Angalia utambi ulivyobeba mzigo: asilimia sabini ya jibu. Hiyo ndiyo sababu Pwani, ambako jasho linatiririka badala ya kukauka, nyuzi 32 zinamlaza mtu ambaye angezistahimili vizuri Dodoma.

Tuweke mfano wa mchana wa kaskazi. Hewa 32, utambi 28, tufe juani 45. Jibu ni 31.8. Sasa ingia kivulini chini ya mti wa mkungu: utambi 27.5, tufe 33, jibu linashuka hadi 29. Mipaka ya ISO kwa mtu aliyezoea joto na aliyevaa nguo za kawaida za kazi ni 33 akiwa amepumzika, 30 kwa kazi nyepesi kama kuchambua karafuu au kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, 28 kwa kazi ya wastani, na 26 kwa kazi nzito. Kubeba mwani mbichi kutoka majini ni kazi nzito. Yaani hata kabla ya kuhesabu kitambaa, mama yule amepita mpaka.

Kifaa cha mkononi kinauzwa kuanzia dola mia na ushei hadi mia kadhaa. Kikundi kisicho na fedha hizo kinaweza kujitengenezea: vipimajoto vitatu vinavyokubaliana vikiwekwa pamoja kivulini, mpira wa ping-pong uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa badala ya tufe, na utambi wa pamba safi uliotumbukizwa kwenye chupa. Mpira mdogo hausomi sawa na tufe la kawaida la sentimita 15. Juani, penye upepo, utakuonyesha joto pungufu, kwa hiyo uchukulie jibu kama la chini kabisa. Na utambi uwe na maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, au ya mvua. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi. Siku chache tu utambi unafanya ukoko mweupe, unakakamaa kama mwiko wa zamani, maji hayapandi tena, na kipimajoto cha utambi kinaanza kusoma sawa na cha kawaida. Ukiona vinakaribiana siku ambayo haina mvua, kagua utambi kabla hujaamini.

Kitambaa kinaongeza ngapi?

ISO ina jedwali la kuongeza nyuzi kwa mavazi. Nguo za kazi za pamba, sifuri. Matabaka mawili ya kitambaa kilichofumwa, 3. Kitu kinachofunika kichwa na shingo, 1 juu yake. Nguo ya plastiki isiyopitisha mvuke, 10 na zaidi. Buibui halimo kwenye jedwali. Inabidi ukadirie, na hapa watu wema hutofautiana.

Mimi nakadiria hivi. Buibui jepesi la pamba juu ya nguo ya ndani tu, kichwani mtandio mmoja: ongeza 1. Buibui juu ya dera kamili, kofia ya ndani, ushungi: ongeza 4, lakini ujue umeweka kiwango cha juu kabisa. Jedwali lile lilitengenezwa kwa ovaroli zinazobana mikononi na kiunoni, na buibui pana halibani. Mtu akitembea, upindo unapiga kama mvukuto, hewa ya moto inatokea shingoni. Ukishona mikono ya kubana, ukaweka mkanda, ukavaa soksi na glavu, umelirudisha kwenye ovaroli, na hiyo 4 inakuwa ya haki.

Rudi kwenye mfano. Chini ya mkungu tulikuwa na 29. Ukiongeza 4 ni 33, mpaka wa mtu aliyekaa tu. Juani tulikuwa na 31.8, inakuwa karibu 36, ambayo haina ruhusa ya kazi yoyote. Lakini tazama jambo jingine: kutoka juani kwenda kivulini kulipunguza karibu nyuzi 3, sawasawa na tabaka zima la nguo. Anayesema "wavue" hajapiga hesabu ya turubai. Turubai ni rahisi zaidi, na halimgusi mtu dini yake.

Halafu rangi. Kila mjadala wa buibui hufika hapo: mbona nyeusi? Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha kipimo cha watafiti walioongozwa na Amiram Shkolnik, waliomsimamisha mwanamume kwenye jua la jangwa la Negev akiwa na juba jeusi la Kibedui, kisha jeupe. Jeusi lilinyonya joto zaidi, kama inavyotarajiwa, ila joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa lilelile, kwa sababu la ziada lilipotea kwa upepo kabla halijapenya. Watu hukinukuu kipimo hiki kana kwamba kimemaliza neno. Hakijamaliza la kwetu: kule ni kukavu, juba ni pana, upepo upo. Kwenye unyevunyevu, kitambaa cha poliesta kikishalowa jasho na kugandamana na mgongo, ile nafasi ya hewa haipo tena. Kivulini rangi haina kazi kabisa. Ningekuwa nachagua pa kutumia fedha, ningetumia kwenye aina ya kitambaa na upana wa mikono, rangi ningeiacha mwisho.

Jambo ambalo hakuna jedwali linalolihesabu: wakulima wa mwani wameloa. Kanga iliyolowa maji ya bahari kiunoni inapoza vizuri maadamu kuna upepo. Kwa hiyo kwa wao WBGT hutia chumvi wakiwa majini, na husema kweli wakishapanda ufukweni na mzigo.

Kuupima mwili wenyewe

Kipimo cha mwili hakikisii nguo, kwa sababu mwili tayari umo ndani ya nguo. Umri, ujauzito, usingizi, saumu, vyote vimo ndani ya jibu. Tatizo ni njia ya kuufikia mwili huo bila kumvunjia mtu heshima.

Mapigo ya moyo ndiyo yanayoshinda hapa, na si kwa kidogo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini kidogo ya kidole gumba, mkono wa buibui umepanda inchi mbili tu. Anaweza kujihesabia mwenyewe. Mwongozo wa taasisi za usalama kazini za Marekani, ulioandikwa kwa watu wanaovaa nguo zisizopitisha hewa vizuri, unasema hesabu mara mtu anapokaa kupumzika: yakizidi 110 kwa dakika, zamu inayofuata ipunguzwe theluthi moja, mapumziko yabaki vilevile. Hesabu nusu dakika. Ukipata zaidi ya 55, umeshapita. Wakati wa kazi yenyewe mpaka unaotumika ni 180 ukitoa umri, ukidumu kwa dakika kadhaa. Wa miaka 45 ana 135.

Saa za mkononi zinazosoma mapigo zinasaidia zikiwa zimekaza na ngozi si utelezi wa jasho. Kile kibano cha kidoleni, lakini, huweza kukataa kusoma au kudanganya kwenye kidole chenye hina nyeusi au piko. Baada ya harusi, rudi kwenye vidole viwili.

Joto la mwili lina wagombea wengi na wengi wao ni wabaya. Bunduki ya paji la uso, tuliyoizoea wakati wa korona, inasoma ngozi: paji lenye jasho linaonekana baridi, paji lililofunikwa na kofia ya ndani linaonekana moto, na kwenye mlango huohuo wawili wenye joto sawa wanapata namba tofauti. Cha sikioni kina mwujiza wake mwingine. Sikio lililokaa chini ya ushungi tangu asubuhi limehifadhiwa kama chapati kwenye kitambaa. Lisome mara moja na utapata namba ya juu kuliko ilivyo, lifunue na usubiri na tayari umemtaka afunue. Kwa mwenye nikabu, kipimajoto cha chini ya ulimi kina heshima zaidi: anakiingiza kwa chini, hakuna anayemwona, dakika chache anakitoa. Sharti asiwe amekunywa chochote robo saa nzima. Mwongozo uleule wa Marekani unaweka 37.6 kuwa pa kupunguza zamu kwa theluthi, na zaidi ya 38.1 asirudi kwenye kazi hiyo.

Kuna kitu mabwana wanaopima huwa wanakisahau. Baada ya yai kupevuka, joto la mwanamke hupanda kati ya nyuzi 0.3 na 0.5 hadi hedhi inayofuata. Anayeanza siku na 37.2 na anayeanza na 36.7 hawapaswi kuhukumiwa kwa mstari mmoja. Suluhisho halihitaji kumuuliza mtu mambo yake: pima kila mmoja asubuhi kabla ya kazi, andika, kisha tazama amepanda kiasi gani.

Mizani nayo ni kipimo, na ni cha bei ya chini. Kupungua zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa siku ya kazi ni dalili mbaya. Kwa wa kilo 60 hiyo ni gramu 900. Ila usimpime na buibui lake. Jasho lililolowa kwenye kitambaa bado liko juu ya mizani, na mtu aliyepoteza lita moja ataonekana hajapoteza kitu. Kanga kavu moja, pazia, mizani nyuma ya pazia, anasoma mwenyewe na kukutajia. Mwezi wa Ramadhani hiki ndicho kipimo nisichotaka kikosekane, kwa sababu kilichopungua mchana hakirudi hadi futari.

Kumuuliza mtu anajionaje? Inafaa, ila swali liwe na namba. Ukimwuliza mama wa Makunduchi "Joto vipi, bibi?" atakujibu "Alhamdulillahi, mwanangu," akiwa macho yamemwiva. Mpe ngazi ya namba au ya picha za nyuso, aonyeshe kwa kidole. Huko Isfahan, Iran, watafiti wamewatembeza wanawake wenye hijabu kwenye chumba cha joto na kuweka majibu ya hisia zao kando ya mapigo ya moyo. Kwa mwanafunzi anayetaka kufanya jambo kama hilo kwetu, hapo pana pa kuanzia kusoma.

Basi uchague kipi?

Mtafiti mwenye fedha na kibali cha maadili atumie kidonge cha kumezwa kinachotuma joto la ndani, pamoja na mkanda wa mapigo, kisha aviunganishe kwa kipimo cha mzigo wa joto mwilini cha mtafiti Moran cha 1998, kinachotoa alama kuanzia 0 hadi 10. Wengine wote wasijisumbue nacho.

Mwenye ghala, kiwanda cha samaki au shule: WBGT. Unahitaji kuamua kwa watu wengi mara moja, na unahitaji namba ya kumwonyesha bosi anapouliza mbona kazi imesimama. Ongeza nyuzi za nguo kwenye karatasi ile ile, mbele ya macho yake.

Kikundi cha mwani: mapigo ya moyo, mara wanapopanda kutoka majini. Siku za bamvua maji hutoka asubuhi na kazi hufika karibu na adhuhuri, na hakuna atakayesubiri tufe lipate moto dakika ishirini wakati maji yanarudi. Wawili wawili, kila mmoja amhesabie mwenzake.

Mwalimu wa michezo wa wasichana: namba ya joto kwenye simu ya kuahirisha kipindi, mapigo ya kukikatisha.

Kiongozi wa msafara wa hija yuko peke yake, kwa sababu Makka si Pwani. Tarehe 17 Juni 2024 hewa ilifika 51.8 kwenye Msikiti Mtukufu, na msimu ule Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Hewa ikiwa moto kuliko ngozi, upepo kwenye ngozi kavu haupozi, unaunguza. Hapo nguo pana inayozuia jua inaweza kuwa msaada, kinyume cha Unguja, na mwanamke aliye kwenye ihramu kwa vyovyote hafungi nikabu. Namba ya simu kwenye hewa kavu na moto kiasi hicho iko nje ya mahali ilikotengenezewa. Bebeni mwavuli, maji ya kunyunyizia mtandio, na mhesabu mapigo katika kila kundi la akina mama. Na anayeanza kuongea mambo yasiyoeleweka, au asiyejua yuko wapi, huyo hapimwi kwa chochote. Akina mama wamzunguke kwa kanga, buibui livuliwe, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa huku mwingine anakimbilia gari la wagonjwa.